Swali Lililoulizwa Mlangoni

Mlango wa chumba cha eksirei ulikuwa wazi nusu, na nje yake, juu ya benchi refu la mbao, walikaa watu saba. Mwalimu wa skuli ya msingi alikuwa wa nne. Alikuwa na kikohozi kilichoingia wiki ya tatu, na daktari alikwisha mwandikia kijikaratasi apigwe picha ya kifua, ijulikane kama ni kifua kikuu au siyo. Kulia kwake alikaa mavyaa yake, aliyemsindikiza kwa kuwa mume alikuwa safarini Pemba. Zamu yake ilipofika, kijana wa eksirei alisimama pale pale mlangoni, akamtazama, akauliza kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Una mimba wewe?"

Akajibu kuwa hana.

Haikuwa uongo, wala haikuwa kweli. Siku zake zilikuwa zimechelewa kwa siku tano, na hilo alilijua yeye na Mola wake. Mwanamke aliyelelewa Unguja hatangazi siku zake mbele ya mavyaa na mbele ya wanaume watatu asiowajua. Na mimba changa, hata ikiwa ya yakini, aghalabu hufichwa mpaka ijitangaze yenyewe, kwa kuchelea husuda, na kwa kuchelea masikitiko ya hadharani iwapo itaharibika. Akaingia, akakibana kifua kwenye ubao wa baridi, akaambiwa avute pumzi aizuie, akatoka. Shughuli nzima haikuzidi dakika tatu. Mapafu yalionekana safi. Wiki mbili baadaye kipimo cha mkojo kilimthibitishia alilokwisha kulihisi.

Kuanzia siku hiyo furaha na hofu vikapanga nyumba moja. Wifi yake alikuwa amesikia kwamba mtoto aliyepigwa eksirei tumboni huzaliwa taahira. Jirani akasema mionzi huchoma kijusi kama jua linavyochoma mche. Mtu mmoja mwenye elimu ya uuguzi, tena mwenye nia njema, alimwita pembeni akamnong'oneza kwamba ingali changa, bora itolewe, aanze upya. Neno hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Hakumwambia mume. Alikwenda kwa somo yake, bibi wa miaka zaidi ya sabini, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, akamweleza yote huku akilia. Bibi yule hakumliwaza. Alimuuliza tu: "Nani aliyekwambia, mwanangu, na yeye kajuaje?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyolikusudia mwenyewe. Hofu ile ina nasaba, na nasaba yake yafuatika mpaka kwa mtu, mji na mwaka.

Wilhelm Röntgen aliigundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, na miongoni mwa picha zake za mwanzo ni ya mkono wa mkewe, mifupa mitupu na pete juu ya kidole. Katika miongo iliyofuata watu waliichezea mionzi kama watoto wanavyochezea moto wa makumbi. Katika maduka ya viatu ya Ulaya na Marekani palikuwa na masanduku ambamo mtoto alitia mguu ili yeye na mama yake watazame mifupa ya vidole ndani ya kiatu kipya. Wakunga na madaktari nao waliona neema. Mama mwenye nyonga nyembamba angeweza kupimwa kabla ya uchungu. Mapacha wangeweza kuhesabiwa. Mtoto aliyelala vibaya angeweza kuonekana. Picha zilipigwa tumboni, moja au kadhaa, na hakuna aliyeziona kuwa na taksiri yoyote, kwa kuwa mama alitoka chumbani kama alivyoingia.

Aliyeuliza alikuwa mwanamke. Alice Stewart alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1906, wa baba daktari na mama daktari, akawa daktari naye. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa Oxford, katika kitengo cha tiba ya jamii ambacho mkuu wake alikuwa amefariki mwaka 1950, na baada ya kifo hicho kitengo kikapunguzwa hadhi na fedha. Alibaki na ofisi, wasaidizi wachache na fumbo moja: watoto wa Uingereza walikuwa wakifa kwa lukemia, saratani ya damu, kwa wingi usiotazamiwa, na vifo hivyo vilijikusanya katika umri wa miaka miwili hadi minne. Ugonjwa unaoua mapema namna hiyo, alifikiri, huenda ulianza kabla mtoto hajazaliwa. Na kama ni hivyo, mwenye habari ni mama.

Hapa ndipo alipofanya jambo ambalo leo laonekana dogo. Aliandika orodha ya maswali, akaomba fedha, akapewa pauni 1,000, na kwa fedha hizo akasafiri kuziomba idara za afya za wilaya na miji ya Uingereza na Wales ziwatume watumishi wao wakawaulize akina mama. Kila mama aliyefiwa na mtoto kwa saratani alilinganishwa na mama wa eneo hilo hilo ambaye mtoto wake wa rika lile yu hai. Waliulizwa maradhi waliyougua, vyakula walivyokula, mifugo waliyokaa nayo, hata peremende za rangi. Na kati ya maswali hayo mengi likawamo moja la eksirei. Majibu yalipoanza kurudi, hayakuhitaji hesabu kubwa. Akina mama waliofiwa, waliosema walipigwa picha ya tumbo wakiwa waja wazito, walikuwa takriban mara mbili ya wenzao. Alitoa taarifa ya kwanza katika jarida la Lancet mwaka 1956, na ripoti kamili, pamoja na wenzake wawili, mwaka 1958.

Hakuaminiwa. Hoja ya wapinzani haikuwa ya kipumbavu, na ni haki kuieleza kwa uzito wake. Walisema mama aliyezika mtoto huupekua ujauzito wake siku hadi siku akitafuta kosa, ilhali mama mwenye mtoto anayecheza uani hana sababu ya kukumbuka. Basi tofauti ile ni ya kumbukumbu, si ya mionzi. Richard Doll, bingwa aliyeshiriki kuonyesha madhara ya sigara, alichunguza jambo hilo pamoja na wenzake, na mwaka 1960 wakasema hawakuona uhusiano. Kwa wengi mjadala ulikuwa umekwisha.

Waliofufua mjadala walikuwa makarani wa hospitali. Mwaka 1962 Brian MacMahon alitoa utafiti wa Marekani uliochukua watoto zaidi ya 700,000 waliozaliwa katika hospitali 37, naye hakumuuliza mama hata mmoja. Alitazama daftari zilizoandikwa kabla mtu yeyote hajajua nani ataugua. Daftari zikasema walichosema akina mama wa Stewart: kwa waliopigwa picha tumboni, vifo vya saratani vilizidi kwa takriban asilimia 40. Wapinzani wakasema labda waliopigwa picha walikuwa tayari na kasoro. Ndipo mapacha wakatoa ushahidi. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 1974, asilimia 55 ya mapacha walikuwa wamepigwa picha kabla ya kuzaliwa, dhidi ya asilimia 10 ya waliozaliwa mmoja mmoja, na walipigwa kwa sababu tu ni wawili, si kwa ugonjwa. Hatari ikaonekana kwao pia. Mwaka 1997 Richard Doll yule yule, pamoja na Richard Wakeford, waliupitia ushahidi wote wakakiri kwamba mionzi ya kiasi cha miligrei 10 tumboni huongeza hatari ya saratani ya utotoni. Stewart alikuwa hai kuyasoma hayo. Alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka 95.

Hiyo ndiyo nasaba ya hofu, na ina nasaba nyingine iliyo chungu zaidi: watoto waliokuwa matumboni Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Baadhi yao walizaliwa na vichwa vidogo na akili iliyodumaa, na walioathirika zaidi ni wale ambao mimba zao zilikuwa kati ya wiki ya 8 na ya 15. Wifi wa mwalimu hakubuni neno. Alipokea, bila kujua, habari za bomu, akaziweka juu ya picha ya kifua.

Kosa lilikuwa katika kipimo. Na aliyelitengua kosa hilo ni daktari mmoja wa kike, mkubwa wa umri, ambaye somo alimpeleka mwalimu kwake jioni moja. Jambo la kwanza alilofanya daktari ni kusimama akafunga mlango. Kisha akauliza siku za mwisho zilikuwa lini, picha ilipigwa tarehe ngapi, ya wapi, mara ngapi. Aliposikia ni kifua, mara moja, aliweka kalamu chini.

Akamwambia hivi. Lau picha zile za Uingereza za miaka ya 1950, miligrei 10 zilizoelekezwa kwenye mji wa mimba wenyewe, zingekuwa gunia la mchele la kilo hamsini, basi kilichomfikia mtoto wake kutoka picha ya kifua ni gramu hamsini kwa wingi wake, wala hazijai konzi. Mwale wa picha ya kifua hauelekezwi tumboni kabisa; kinachofika huko ni masazo, yasiyozidi miligrei 0.01. Mawe, udongo na anga, ambavyo daima hutoa mionzi yake bila kumuuliza mtu, humpa kila mtoto aliye tumboni kati ya miligrei 0.5 na 1 kwa miezi tisa. Kwa hesabu ya gunia lile, hizo ni kilo mbili na nusu hadi tano. Na kasoro za maumbile, zile alizotishwa nazo, hazijapata kuthibitika kwa mionzi iliyo chini ya miligrei 50.

"Hata gunia lenyewe zima," aliongeza daktari, "waliokokotoa wanasema huongeza watoto sita hivi wenye saratani katika kila elfu kumi. Si sifuri, na ndiyo maana hatulitwishi bila haja. Lakini wewe, mwanangu, hukubeba gunia."

Mwalimu akauliza lile lililokuwa likimla. Daktari hakupandisha sauti. Akamwambia kwamba tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ilikwisha eleza, mwaka 2000, kuwa mionzi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto si sababu ya kuitoa mimba.

Ushauri wa aina ile ulikwisha gharimu roho mahali pengine. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986, Ugiriki ilipata vumbi kidogo sana la mionzi, lakini ilipata uvumi mwingi. Madaktari wenyewe hawakuwa na hakika, na wengine wakawashauri wagonjwa wao watoe. Watafiti wa nchi ile walikadiria mwaka uliofuata kwamba takriban mimba 2,500 ambazo wazazi walizitaka zilitolewa kwa hofu hiyo. Mionzi iliyohofiwa haikuzidi sana ile ambayo ardhi humpa mtu kila mwaka. Hakuna kaburi la watoto hao, wala hakuna mashine ya kulaumiwa.

Hofu huua kwa njia nyingine pia, iliyo ya kimya zaidi: kwa kukataa picha. Mja mzito anayekohoa damu akarudishwa nyumbani asipigwe eksirei, huku kifua kikuu kikimla yeye na kumsubiri mtoto azaliwe. Mwingine mwenye kidole tumbo akangojeshwa mpaka kikapasuka, na kilichopasuka ndicho kinachomhatarisha zaidi mtoto. Mpango wa busara wajulikana: kwanza ultrasaundi, isipotosha basi MRI, na pasipo na MRI, hata kipimo cha CT cha tumbo, ambacho aghalabu hakizidi miligrei 35, ni halali kama uhai wa mama umesimama hapo. Mtoto hana jahazi jingine ila mama yake.

Si kila kitu kimeruhusiwa, hata hivyo, na anayesema "hakuna neno" juu ya yote anakosea sawa na anayesema "hatari" juu ya yote. Iodini yenye mionzi inayotumiwa kutibu tezi ya shingo hupita kondo la nyuma, na tezi ya mtoto ikishaanza kazi huinyonya na kuungua. Hiyo haipewi mja mzito. MRI yenyewe, ambayo kazi yake ni ya sumaku, haijaonyesha madhara, lakini dawa ya gadolini inayodungwa ili picha ing'ae huepukwa isipokuwa kwa dharura, hasa baada ya utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016 kuitia shaka.

Na ultrasaundi? Hiyo ina historia ya kupendeza watu wa bahari. Nahodha wa zamani alitupa bildi akajua kina cha maji asiyoyaona. Manowari za vita zikaja kusikiliza mwangwi wa sauti badala ya kamba na risasi. Ian Donald, profesa wa ukunga wa Glasgow, aliyetumika katika jeshi la anga, aliyajua mambo hayo ya mwangwi. Mwezi Julai 1955 alipakia ndani ya gari uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa, akaupeleka kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke ambako sauti ilitumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma, pamoja na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mwangwi ukatofautiana. Kwa msaada wa mhandisi kijana, Tom Brown, na daktari John MacVicar, alichapisha matokeo mwaka 1958, mwaka ule ule wa ripoti kamili ya Stewart. Mmoja alionyesha kwa nini dirisha lile la zamani lifungwe. Wengine, mji mwingine, walikuwa wakitoboa dirisha jipya. Ultrasaundi haina mionzi ya aina ile. Hupasha tishu joto kidogo tu, ndiyo maana hutakiwa itumiwe na mkono uliofunzwa, kwa haja ya tiba, si kwa nusu saa ya kumtazama mtoto akinyonya kidole. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mja mzito apate kipimo hicho mara moja kabla ya wiki ya 24.

Mwalimu alikipata wiki ya 20. Aliyelala juu ya kitanda kile hakuwa na maswali ya kisayansi. Alitaka kuona kichwa. Akakiona, cha mviringo, cha kadiri yake, na fundi akaweka alama mbili ndogo za msalaba huku na huku akasoma kipimo.

Mwezi wa saba alirejea kwenye benchi lile la mbao. Hakuwa mgonjwa, alitaka kusema na kijana wa eksirei. Kijana alimsikiliza kwa adabu, akamwonyesha tangazo lililobandikwa ndani ya chumba, nyuma ya mlango, linalowataka waja wazito watoe taarifa. Lilikuwa kwa Kiingereza. Tena lilikuwa mahali ambapo mtu hulisoma akiwa amekwisha vua ushungi. Kijana akamwonyesha na aproni ya risasi iliyotundikwa msumarini, kwamba siku hizi huwavalisha wanawake wote. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo tangu mwaka 2019 jumuiya ya wanafizikia wa tiba ya Marekani imeshauri desturi hiyo iachwe, kwa kuwa masazo ya mionzi husafiri ndani ya mwili wenyewe, mahali ambapo aproni haifiki, na aproni ikivaliwa vibaya huziba picha mpaka irudiwe. Mwalimu hakumwambia hayo. Alimwomba jambo moja: aulize ndani, mlango ukifungwa, na aulize siku za mwisho zilikuwa lini badala ya kuuliza kama mtu ana mimba. Kijana akasema wagonjwa ni wengi, muda hautoshi. Kisha akasema atajaribu.

Mtoto alizaliwa Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, wa kike, ratili saba na kitu. Siku ya arubaini, wanawake walipokwisha kula na udi ungali ukifuka, habari ya eksirei ikatajwa kwa mara ya kwanza hadharani, na wifi akacheka kwa haya. Mavyaa alikuwa amempakata mjukuu. Alisema siku ile benchini aliliona jibu la mkwewe lilivyochelewa, na akajua.

"Lau kijana yule angeniambia nikakae kando kidogo," alisema, "si ningekwenda?"